Utafiti wa Pamoja Usiishie Langoni mwa Dzaleka

Wengi wa Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wanaoishi kambi ya Dzaleka waliingia Malawi kwa upande wa kaskazini. Walikatiza Tanzania, wakavuka mto Songwe, wakapita Karonga, kisha wakapelekwa kusini hadi wilaya ya Dowa. Karonga hiyo waliyoipita ni miongoni mwa sehemu za Afrika ambazo afya ya wakazi wake imefuatiliwa kwa muda mrefu zaidi. Utafiti wa ukoma ulioanza huko karibu na mwaka 1980 ulikua, ukaingiza kifua kikuu na Ukimwi, na tangu 2002 kuna eneo ambalo kila anayezaliwa, anayefariki, anayehamia na anayehama huandikwa. Dzaleka mambo ni tofauti. Iko kilomita kama 45 tu kutoka Lilongwe, kila kaya inajulikana kwa ajili ya mgawo wa chakula, na kituo cha afya hutoa taarifa za wagonjwa waliofika. Wasiofika hawamo. Hakuna kumbukumbu ya aina ya Karonga inayoweza kueleza ni watoto wangapi walifia nyumbani mwaka fulani, na kwa nini.

Malawi haina uhaba wa watafiti wa afya. Kamuzu University of Health Sciences, chuo kikuu kilichozaliwa 2021 kwa kuunganisha Chuo cha Udaktari cha Blantyre na Chuo cha Uuguzi cha Kamuzu, kina skuli nzima ya afya ya umma, na kina kampasi Lilongwe kwenyewe. Kuna mradi wa Chuo Kikuu cha North Carolina uliopo Lilongwe tangu miaka ya 1990, kando ya Hospitali Kuu ya Kamuzu. Kuna programu ya Malawi, Liverpool na Wellcome iliyoanza Blantyre mwaka 1995. Kuna kitengo cha MEIRU kinachoendesha utafiti wa Karonga na wa Lilongwe pia. Kwa hiyo swali la jinsi skuli ya afya ya umma inavyojenga ushirikiano wa utafiti, hapa lina miaka zaidi ya thelathini ya majibu. Ninalotaka kulichambua ni kwa nini majibu hayo, mazuri kwa mengi, yamewaacha nje watu walio karibu kabisa na mji mkuu, na ni ushirikiano wa namna gani ungewafikia. Nionavyo mimi, ushirikiano hupata umbo lake mapema sana, pale swali linapochaguliwa na fedha zinapopangiwa njia. Yanayokuja baadaye, yaani mikataba, picha za pamoja na makala za majarida, hufuata umbo hilohilo.

Tuanze na nani anauliza swali. Mfano bora ninaoujua ni wa Malawi yenyewe. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mwongozo huo ulitaka mjamzito mwenye virusi apimwe kwanza wingi wa seli za CD4 ndipo ijulikane kama ataanza dawa za maisha au za muda. Ukiwa na maabara kila wilaya, ni mwongozo mzuri. Malawi haikuwa nazo. Mashine zilikuwa chache, zahanati za vijijini zilikuwa mbali nazo, na wanawake wengi wa nchi hiyo huzaa mara kadhaa, kwa hiyo dawa zingeanzishwa na kukatishwa kila mimba. Wataalamu wa Wizara ya Afya pamoja na washirika wao wakauliza swali ambalo wenye maabara hawakuwa na sababu ya kuliuliza: itakuwaje tukimpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za maisha bila kusubiri kipimo hicho? Utaratibu huo ulianza kutumika nchini kote mwaka 2011. Kufikia 2013 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeuingiza katika mwongozo wake, na miaka miwili baadaye likapendekeza dawa kwa kila mwenye virusi, awe mjamzito au la.

Wageni walikuwemo katika kazi ile, na mchango wao ulikuwa mkubwa. Lakini swali lilitoka kwa watu waliokuwa wakihesabu mashine na maili za barabara ya vumbi. Ndivyo ushirikiano unavyotakiwa kuwa: mwenye shida anauliza, mwenye nyenzo anasaidia kujibu. Malawi imefanya pia kazi kubwa zilizobuniwa nje na kutekelezwa ndani, kama majaribio ya chanjo ya homa ya matumbo Blantyre, au chanjo ya malaria iliyozinduliwa Mitundu, Lilongwe, Aprili 2019. Hizo zimeokoa watoto na sina neno baya juu yake. Ila skuli inayotaka kukua haiwezi kuishi kwa kutekeleza tu. Mwanafunzi wa uzamili aliyezoea kukusanya sampuli za swali la mtu mwingine anahitimu akijua kukusanya sampuli.

Fedha ndizo zinazoamua mengi. Kwa kawaida mfadhili wa Marekani alikuwa akimpa ruzuku mtafiti mkuu wa chuo cha Marekani, na chuo hicho kikakata sehemu na kuipeleka Malawi kwa mkataba mdogo. Katika kila ruzuku kuna fungu la gharama za uendeshaji: umeme, wahasibu, maktaba, ofisi ya kusimamia utafiti. Kwa miaka mingi Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zimekilipa chuo cha nje asilimia 8 tu kwa gharama hizo, huku vyuo vikubwa vya Marekani vikijadiliana na serikali yao na kupata viwango vinavyoweza kuvuka asilimia 50. Matokeo yake unayaona kwenye majengo. Mradi una jengo lenye jenereta na maabara yenye friji za kisasa, na idara ya chuo iliyo jirani haina mhasibu wa kusoma masharti ya ruzuku. Kisha watu wanashangaa kwa nini chuo hakiwezi kuongoza maombi yake chenyewe.

Mwaka 2025 udhaifu wa njia hiyo ulionekana mchana kweupe. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, miezi michache baadaye shirika la USAID likafungwa, na Mei taasisi hizo za afya zikatangaza kwamba hazitatoa tena mikataba midogo ya kigeni kwa utaratibu uliozoeleka mpaka mfumo mpya uwekwe. Miradi iliyotegemea bomba moja ilikauka. Nasikitika kwa kila mfanyakazi aliyepoteza kazi, na zaidi kwa wagonjwa. Ila kama kuna jambo la kujifunza kwa upande wa vyuo, ni kwamba uwezo wa kuandika maombi, kusimamia hesabu na kutunza takwimu lazima uwe wa chuo chenyewe. Ushirikiano wa mkataba mdogo haukuujenga uwezo huo kwa kiasi kilichotakiwa, kwa sababu haukulipiwa kuujenga.

Sasa Dzaleka. Mahali hapo palikuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, na mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wako zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo ya mashariki, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Ukiingia sokoni utasikia Kiswahili kuliko lugha nyingine yoyote, ndani ya nchi ya Kichewa. Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ikaweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na wengi waliondolewa kwa nguvu, maduka yao yakafungwa.

Msomaji anaweza kuuliza, hayo yanahusiana vipi na utafiti wa chuo? Yanahusiana moja kwa moja. Mtu asiyeruhusiwa kuajiriwa hawezi kuandikwa mtafiti mwenza mwenye mshahara. Anapewa posho ndogo ya kujitolea, hata kama ndiye anayefanya kazi ngumu kuliko wote. Mtu asiyeruhusiwa kutoka bila kibali hawezi kuhudhuria kikao cha saa mbili asubuhi Lilongwe, na asiyehudhuria kikao hasikilizwi swali linapochaguliwa. Kabla hata ya hapo, timu inahitaji kibali cha kamati ya maadili na ruhusa ya idara ya wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Mwanafunzi mwenye miezi sita ya kumaliza tasnifu anapima, anaona vijiji vya Dowa havina lango, anakwenda huko. Simlaumu. Lakini wakifanya hivyo wote, kambi nzima inabaki nje ya elimu ya nchi, na hakuna aliyekaa mahali akaamua iwe hivyo.

Takwimu za taifa nazo haziwafikii. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015 hadi 2016 ulipangwa utoe makadirio ya kila wilaya. Dowa kwa sensa ya 2018 ilikuwa na watu zaidi ya laki saba. Hata kaya za kambi zikiguswa, zinayeyuka ndani ya wastani wa wilaya, na wastani huo hauwezi kusema lolote juu ya watu walioishi vitani, wanaokula kwa mgawo uliopunguzwa zaidi ya mara moja, na wasioruhusiwa kulima wala kuuza mbali. Skuli ya afya ya umma kazi yake ni kuuvunja wastani kama huo na kuonyesha nani yumo ndani yake.

Nenda mpaka mlangoni uone kazi inavyofanyika. Dodoso limeandikwa kwa Kiingereza. Msaidizi wa utafiti ni Mmalawi, anasema Kiingereza na Kichewa. Pembeni yake kuna kijana wa kambini aliyejifunza Kichewa shuleni, naye analigeuza swali kwa Kiswahili. Mama aliyekaa kwenye kigoda anaelewa Kiswahili, lakini mambo ya uchungu, ya kufiwa au ya kubakwa, anayasema kwa Kibembe au Kifuliiru, kwa hiyo binti yake wa miaka kumi na minne anaitwa aje kusaidia. Swali ni kama mama amewahi kufikiria kujiua. Binti ananyamaza. Kijana anaangalia chini. Mwisho msaidizi anaandika “hapana” na kwenda swali linalofuata. Kompyuta itaipokea “hapana” hiyo kama nyingine yoyote, itaingia kwenye jedwali, na jedwali litaingia kwenye jarida.

Hapo ndipo ninapoona ubora wa ushirikiano unapimika, kuliko kwenye sahihi za wakuu wa vyuo. Nani alipaswa kujua kwamba binti asiitwe? Yule kijana alijua. Hakuulizwa dodoso lilipotungwa, kwa sababu aliajiriwa kwa siku, asubuhi ile, kama mdomo wa kukodi. Angekuwepo tangu mwanzo angesema swali hilo liulizwe na mwanamke, faragha, kwa lugha ya mama, na kwamba kabla ya kuliuliza pawe na mshauri wa kumpeleka mtu atakayejibu ndiyo.

Ridhaa ina ugumu wake pia. Kambini, mtu mwenye daftari na kitambulisho cha shingoni anaweza kuonekana kama mlango wa kwenda Kanada au Australia. Watu husubiri makazi ya nchi ya tatu kwa miaka, na utaratibu wake uko mikononi mwa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, na nchi zinazopokea. Hata hivyo tumaini halisikii taratibu. Mtu anaweza kukubali kutolewa damu, au kuongeza chumvi kwenye mateso yake, au kuyaficha maradhi akiogopa yatamharibia jalada. Fomu inaweza kuwa na sentensi kwamba utafiti huu hauhusiani na uhamisho, na sentensi hiyo isiaminiwe na mtu hata mmoja. Inaaminika inaposemwa na jirani, zaidi ya mara moja, kabla timu haijafika, na inaposemwa tena redioni.

Na jirani wa aina hiyo wapo. Huu ndio upande wa Dzaleka ambao wageni wengi huukosa kwa kuwa wamekuja kuandika juu ya dhiki. Tangu 2010 wakimbizi wa hapo wamesoma stashahada kwa njia ya mtandao kupitia mpango wa Wajesuiti, cheti kikitolewa mwanzoni na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Wapo wahamasishaji wa afya wanaozunguka nyumba kwa nyumba na kujua nani ana mimba na nani ameacha dawa. Ipo redio ya jamii, Yetu, inayozungumza lugha za watu. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa 2014 na mshairi Mkongomani Menes la Plume, huwaleta Wamalawi kutoka Lilongwe waje kambini kwa hiari yao. Watu walioweza kuandaa tamasha la muziki la kimataifa ndani ya kambi wanaweza kuandaa utafiti wa kaya.

Kilifi, pwani ya Kenya, taasisi ya KEMRI na Wellcome imekuwa na wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wakazi ili wazungumze na watafiti kuhusu miradi inayokuja na malalamiko yaliyopo. Mpango huo una kasoro zake, maana mwakilishi anaweza kuanza kuonekana mtu wa taasisi badala ya mtu wa kijiji. Hata hivyo unatoa nafasi ya kusema hapana mapema. Dzaleka ingeuhitaji na kuuzidi: kamati ya wakazi wa mataifa yote yaliyomo, pamoja na Wamalawi wa vijiji jirani wanaotibiwa kituo kilekile cha afya, inayosoma wazo la utafiti kabla halijapelekwa kwa mfadhili.

Nimetaja Wamalawi makusudi, na hapa Kauma inaingia. Kauma ni makazi ya pembezoni mwa Lilongwe, na ndipo yalipo mabwawa ya kusafishia maji taka ya jiji. Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio ya asili, mtoto wa miaka mitatu wa Lilongwe, kirusi chake kikiwa na nasaba na kile cha Pakistani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Afrika baada ya zaidi ya miaka mitano. Pamoja na kampeni za chanjo, upimaji wa maji taka ulianzishwa mijini ili kukisaka kirusi. Mwezi uliofuata kipindupindu kilianza Machinga, kikasambaa wilaya zote, na kufikia mwisho wake kilikuwa kimewapata watu zaidi ya 58,000 na kuua zaidi ya 1,700, vifo ambavyo Malawi haikuwahi kuviona kwa ugonjwa huo.

Maji taka ni shahidi mzuri, lakini hueleza habari za wale tu ambao uchafu wao umefika bwawani. Wakazi wengi wa Lilongwe hutumia vyoo vya shimo. Magari ya kunyonya huleta baadhi, mengine hubaki ardhini. Mtu wa Kauma anaishi karibu na mabwawa na huenda choo chake kisiwe na bomba la kuyafikia. Mtu wa Dzaleka yuko mbali na bomba kabisa. Wote wawili wanachota maji ya visima vilivyo jirani na vyoo, wote wanapangiwa na mamlaka zisizowauliza. Utafiti mmoja ungeweza kuwafuata wote: visima, vyoo, kuhara kwa watoto, gharama za dawa, masoko yanayowaunganisha. Ungeondoa pia uchungu wa Mmalawi maskini anayeona kila gari la utafiti likielekea kwa mgeni, na uchungu wa mkimbizi anayeona anachunguzwa kama kiumbe wa pekee. Kwa maoni yangu huo ndio mradi wa kwanza ambao skuli ya afya ya umma ingepaswa kuuandikia maombi.

Anayesema kambi ni mahali pagumu mno kwa sayansi nzito aangalie walikotoka watu wake. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, Kivu Kaskazini, huku risasi zikilia Beni na Butembo, Wakongomani na washirika wao waliendesha jaribio la tiba nne za Ebola kwa wagonjwa zaidi ya 600. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwepo tangu mlipuko wa Yambuku wa 1976 ambapo damu ilipelekwa Ulaya kuchunguzwa, alikuwa kiongozi mwenza wa jaribio hilo pamoja na wanasayansi wa Marekani. Mojawapo ya tiba mbili zilizoshinda ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Muyembe amesisitiza kwa miaka mingi kwamba sampuli zibaki Kongo, na taasisi yake ikajengewa maabara mpya Kinshasa kwa msaada wa Japani. Kama hilo liliwezekana Beni, Dzaleka iliyo mwendo wa saa moja kutoka ofisi za wizara haiwezi kuitwa haiwezekani.

Zaidi ya hayo, Afrika Mashariki ina kitu ambacho Malawi ingeweza kukichukua kesho. Muungano wa CARTA, ulioanzishwa 2008 kuwafunza watafiti wa uzamivu barani, unaviunganisha vyuo vya Malawi, Dar es Salaam, Makerere, Nairobi, Moi na vingine. Madodoso ya Kiswahili ya sonona, ya lishe, ya uzazi yamekwisha kutungwa na kujaribiwa Kenya na Tanzania. Yasibebwe kama yalivyo. Kiswahili cha Uvira si cha Unguja, na swali lililoeleweka Morogoro linaweza kumchanganya mtu wa Fizi. Lakini ni bora kuanza hapo kuliko kupitia lugha tatu mlangoni. Mwanafunzi wa Muhimbili anayezungumza na mama wa Dzaleka bila mkalimani, akisimamiwa na mwalimu wa Lilongwe, ni ushirikiano wa Kusini na Kusini ambao hauhitaji tiketi ya kwenda Marekani.

Kwa hiyo ningewaomba wanaoandika maombi ya ruzuku mambo ya kawaida kabisa, yanayoandikika kwenye bajeti. Kikao cha kwanza kifanyike Dzaleka, mwezi mmoja au zaidi kabla ya tarehe ya mwisho ya mfadhili, na cha pili Kauma. Wakalimani walipwe kuanzia siku dodoso linapotungwa, na wale waliochangia fikra waandikwe waandishi wa makala, si kushukuriwa tu mwishoni kwa jumla. Takwimu zihifadhiwe kwenye seva ya chuo, Malawi, na fungu la mtu wa kuzitunza liwemo. Chuo kizungumze na serikali kipate vibali vya kutembea na kufanya kazi kwa wakimbizi wanaotajwa kwenye mradi, na majadiliano hayo yaanze kabla fedha hazijaingia, maana barua za namna hiyo huchukua miezi. Matokeo yatangazwe Yetu kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kichewa kabla hayajasomwa kwenye mkutano wowote wa ng'ambo, na wasikilizaji wapewe namba ya kupiga kuuliza maswali.